Uwanja ni wa kijani ila ndege hana cha kumlisha mtoto

Mwezi wa kumi hapa Mbeya vumbi limeshika kila kitu, mvua bado, na mimi nina kawaida ya kukaa kibarazani asubuhi na kikombe cha chai kabla sijatoka. Kati yangu na jirani kuna seng'enge tu kwahiyo viwanja vyote viwili naviona kwa pamoja. Cha kwake kimependeza kwakweli, pevingi kuanzia getini mpaka mlangoni, miashoki saba imenyooka ukutani, kapeti ya majani inamwagiliwa kila jioni, chini huoni jani kavu hata moja. Cha kwangu kina matuta matatu ya mboga, mlimao, msada mmoja, ule mti wa asili wa matunda, na ile kona ya nyuma ambayo nimeiacha ijiotee yenyewe kwa miaka minne sasa. Kuna shore wawili, hawa ndege wenye kichwa cheusi na njano pale chini ya mkia, wameweka kiota kwenye mwashoki wa tatu wa jirani na makinda yameshatoka, unayasikia. Juzi nikaamua kuwahesabu. Ndani ya nusu saa walienda na kurudi mara 14, mdomoni kiwavi, panzi mdogo, kiwavi tena, na hakuna safari hata moja iliyoishia kwenye mwashoki au kwenye ile kapeti, zote walivuka seng'enge wakaja kwenye msada na kwenye magugu yangu ya nyuma alafu wakarudi kule kulisha.

Yani nyumba wamepanga kwa jirani, soko liko kwangu. Na siku nikisafisha ile kona, kama watu wanavyonishauri kila wiki, yale makinda yatakufa njaa ndani ya mti mzuri wa kijani kibichi na hakuna mtu atakayejua kwanini.

Hiki ndicho ninachotaka tukiongelee maana nadhani tumekosea hesabu kwa muda mrefu. Sisi tukisema mazingira tunahesabu miti. Mti ni mti, ukiwa wa kijani umesaidia, ukipanda mitatu umesaidia mara tatu. Lakini kwa ndege, kwa kipepeo, kwa kinyonga, swali sio miti mingapi, swali ni nani anaula huo mti. Mti ambao hauliwi na mdudu yeyote wa hapa ni kama nguzo yenye majani, unatoa kivuli, unakata upepo, unashikilia kiota, na inaishia hapo.

Sababu iko kwenye jani lenyewe. Mmea haukimbii, kwahiyo unajilinda kwa kemikali, kila aina ya mti na sumu zake, uchungu wake, utomvu wake. Mdudu anayetaka kula lile jani inabidi mwili wake uwe umejifunza kuzimudu zile sumu na hilo ni jambo la maelfu na maelfu ya miaka, wadudu wamekaa na miti yao mpaka wengi wamebaki wanakula mti mmoja au ukoo mmoja tu. Sasa ukichukua mti kutoka bara lingine ukauleta Iringa, umeuleta peke yake, wale waliokuwa wanaula umewaacha kwao. Mwashoki huohuo asili yake ni India na Sri Lanka, na kule unaliwa na viwavi vya vipepeo vizuri sana. Mkaratusi umetoka Australia na kule kuna mpaka mnyama mzima, koala, anayeishi kwa majani yake. Msindano mwingi tunaouona Mufindi asili yake ni Mexico, mgrivelia na muwati ni Australia, mjakaranda ni Amerika Kusini. Sio miti mibaya, ni miti iliyofika bila walaji wake. Na sisi tunasifia hilo, tunasema huu mti mzuri hausumbuliwi na wadudu.

Kuna jambo wengi hawalijui na mimi mwenyewe nililijua ukubwani, kwamba ndege anayekula mbegu au tunda au asali ya maua akiwa mkubwa, watoto wake karibu wote wanalelewa kwa wadudu. Chozi tunayemuona anafyonza maua, makinda yake yanataka buibui na vidudu laini. Kwera na mnana wanaovamia mtama, hivyohivyo kwa wengi wao. Njiwa na hua ndio wana njia yao, wanatoa kitu kama maziwa kwenye gole. Kwa wengine wengi chakula cha makinda ni wadudu, na mdudu anayependwa kuliko wote ni kiwavi, laini, amejaa mafuta na protini, hana gamba gumu la kumkaba mtoto. Kwahiyo ukiondoa viwavi hujawaondolea ndege kitoweo tu, umewafungia uzazi.

Marekani hili wamelipima. Kuna profesa wa wadudu wa chuo kikuu cha Delaware, Doug Tallamy, ameeleza kwamba ndege mmoja mdogo sana wa kule, anaitwa chickadee, anahitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja tu. Elfu sita! Na mwaka 2018 yeye na wenzake walitoa utafiti waliofanya kwenye viwanja vya nyumba za watu kuzunguka Washington, wakaona pale ambapo mimea asilia ilikuwa chini ya asilimia 70 ya mimea yote, hao ndege walikuwa hawazai wa kutosha kujaza nafasi ya wanaokufa. Wanaonekana wapo, wanaimba, lakini wanapungua mwaka hadi mwaka. Hizo namba ni za kule, ndege wa kule na miti ya kule, siwezi kuzichukua nikazibandika Njombe. Ila utaratibu wenyewe wa jani, kiwavi na kinda haubadiliki kwa sababu umevuka bahari, na mimi naona zile safari 14 za shore wangu zinaongea lugha ileile.

Nikiri jambo moja ili nisionekane naonea miti ya watu. Mlimao wangu asili yake ni Asia na bado unaliwa. Ukigeuza majani machanga mwezi wa pili unakuta vitu kama kinyesi cha ndege, vyeusi vyenye doa jeupe, vimebandikwa juu ya jani. Gusa kidogo kwa kijiti, kinatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa kichwani na harufu kali inakupiga puani. Ni kiwavi. Akikua anakuwa wa kijani, anajifunga kwenye kijiti kama mtu kwenye mkanda wa gari, alafu anatoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, lazima umeshamuona, anazagaa kote kwenye bustani zetu. Anaweza kula mlimao kwa sababu ukoo wa mlimao una ndugu zake wa asili kwenye misitu ya Afrika, alizoea ladha ya familia. Kwahiyo sisemi ng'oa kila cha kigeni. Nasema ujue kipi kinalisha na kipi kinasimama tu.

Na ua peke yake lisikudanganye. Mtu anakwambia mbona lantana yangu inajaa vipepeo, na kweli inajaa. Lakini kipepeo kunywa na kipepeo kuzaa ni mambo mawili. Anakunywa popote penye utamu, ila mayai anataga kwenye mmea ambao watoto wake wanaula, na asipoupata anakufa na mayai yake. Ukiwa na maua tu umefungua kijiwe cha soda. Lantana alafu ni mvamizi, ndege wanakula vile vitunda wanaenda kuimwaga porini na ikishika mahali inaua kila kitu chini yake.

Sasa nyanda zetu za juu. Hii sio nchi ya kawaida na nadhani tumeizoea mpaka hatuioni tena. Kitulo pale juu, wenyewe tunaiita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua, okidi peke yake aina zaidi ya 40, na kuna mbayuwayu wa buluu anayekuja kuzaliana kwenye majani yale. Mwaka huohuo 2005 dunia ikatangaziwa nyani mpya kabisa, kipunji, kwenye misitu ya Rungwe na Kitulo na kule Ndundulu upande wa Udzungwa, mnyama ambaye wazee wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua kwa jina siku zote. Kuna kinyonga wa pembe tatu kwenye milima ya Poroto na Rungwe ambaye duniani hayupo kwingine. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuona hivi vitu, na sisi tunaoishi chini ya mlima huohuo kwenye kiwanja chetu hatuna hata mmea mmoja unaotoka hapa.

Naelewa tumefikaje. Mbao zimejenga nyumba zetu. Mtu wa Mafinga au Makambako ukimwambia msindano ni mbaya atakuuliza ada ya watoto ataitoa wapi, na yuko sahihi, sibishani na shamba la mtu. Ila ile akili ya shamba tumeihamishia uani, tunataka mti unaokua haraka, ulionyooka, usiochafua. Na kampeni zetu za miti nazo zimekaa kishamba hivyohivyo. Kila halmashauri ina lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, namba kubwa, inaripotiwa, lakini ripoti haiulizi miti gani. Niliwahi kwenda kuchukua miche kwenye zoezi moja la kugawa bure mjini hapa, siutaji mtaa, foleni ndefu, nilipofika mezani kulikuwa na aina tano na zote tano zimetoka nje ya Afrika. Nikauliza ya asili ipo, dada akanijibu kwa upole tu, "Kaka, hiyo huwa hatuletewi." Alafu siku ya taifa ya kupanda miti kwa miaka mingi imekuwa tarehe 1 Aprili, ambayo kwa Iringa mvua inaaga, mche unaupanda leo na mwezi ujao unaanza kuupigania kwa ndoo hadi Novemba. Tukuyu wanaweza wakavumilia maana kule mvua haina adabu, ila kwetu wengine panda Desemba, Januari, mche ushibe mvua miezi mitatu.

Sehemu pekee ninapoona watu wameshaelewa ni kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60, na vijiji vingi vya Njombe na Iringa vimeng'oa mikaratusi mabondeni vikarudisha mivengi, miti ya asili ya mabondeni. Tuliona Ruaha Mkuu unakauka tangu 1993 kwa kiangazi, likatuumiza, tukajua mti na mti sio sawa. Nataka hiyohiyo akili ishuke mpaka uani.

Upande nini basi. Ukiwa na kiwanja cha 20 kwa 20 usijaribu mkuyu, mizizi itakuja kutafuta msingi wa nyumba yako, ingawa ukiwa na eka moja nje ya mji naomba uanze nao huohuo, maana mkuyu una nyigu wake mdogo anayeingia ndani ya tunda kuchavusha, na miti haizai kwa pamoja, huu unazaa leo ule mwezi ujao, kwahiyo wakati wa njaa kwenye matunda mengine ndege na popo wanakimbilia kwenye mikuyu. Kwa kiwanja kidogo mimi naanza na msada. Haukui mkubwa, majani yake yana manyoya kidogo na ukiyashika utakuta yana matundu mengi, ukiona matundu usichukue dawa, hayo matundu ndio kazi yenyewe inafanyika, kila tundu ni kinda limekula mahali. Masada yakiiva rangi ya udongo watoto watakula nusu na ndege nusu.

Wa pili ni ule wenye gamba nene kama kizibo na vimiiba, mwambangoma wengine tunauita, kila kabila huku lina jina lake. Huu kiangazi unapukutisha majani yote alafu kwenye mti mkavu kabisa yanatoka maua mekundu kama makaa, wakati ambapo kila kitu kingine kimekauka. Chozi wanapigania. Nimewahi kusimama chini yake mwezi wa tisa, dume wa kijani kinachong'aa alikuwa anafukuza wenzake wanne bila kupumzika, akirudi anachomeka mdomo kwenye ua mpaka macho, akitoa kichwa paji lina unga wa manjano, anahamia ua la pili na ule unga. Na huu hata mche hununui, unakata kipande kinene kama mkono unachomeka mvua ikianza, kinashika, na mizizi yake inarutubisha udongo kama maharage.

Mkenge kama una nafasi ya kivuli, huo naupendekeza kuliko mgrivelia. Chini weka mshubiri, weka yale maua ya rangi ya chungwa yanayopanda ghorofa ghorofa kwenye bua moja, yanaota pembeni ya barabara yote ya kwenda Chimala na hakuna anayeyaheshimu. Wenye eneo kubwa pandeni mikusu, mibula, mitonga, matunda ambayo wazee wetu walikula na sasa mtoto wa mjini hayajui hata kwa sura.

Kubwa zaidi ya kupanda ni kuacha kufagia, na hapa najua nagusa malezi ya watu. Sisi tumefundishwa uwanja msafi ni udongo mtupu wenye mistari ya fagio la chelewa, na majani yakikusanywa yanachomwa jioni, moshi mtaa mzima. Lakini viwavi wengi wakishakula wanashuka chini kujizika kwenye majani makavu na udongo laini ili wageuke. Ukifagia na kuchoma kila siku unawachoma wao, mti ulilisha na wewe ukamaliza. Fagia mbele, fagia mlangoni, pale chini ya mti wako wa asili acha majani yalale unene wa kiganja, wala hutahitaji mbolea.

Mama jirani yangu huyo wa miashoki, ninayemheshimu sana, aliniita kwenye seng'enge akaniambia, "Baba, hiyo kona yako nyoka watatuingilia ndani." Hofu yake ni ya kweli na siibezi, tuna watoto. Nikamwambia mama, nyoka anafuata panya, na panya wanafuata mabaki na pumba, sio majani. Banda la kuku liko mbali na hiyo kona, pumba zimefunikwa, karibu na nyumba zote mbili nimefyeka mita kadhaa peupe kabisa. Na kuna bundi anayekuja usiku kukaa juu ya nguzo, najua tunavyomuongelea bundi, watu wanamrushia mawe wakiamini kaleta msiba, wakati bundi ndio anayepunguza panya ambao ndio wanamuita nyoka. Kinyonga hivyohivyo, ana kosa gani zaidi ya kutembea taratibu, anakula nzi siku nzima na sisi tunamuua kwa fimbo kwa sababu anageuza macho. Sikumshawishi yote, bundi bado hataki kumsikia. Ila siku ile ya kuhesabu nilimuita akaja upande wangu akaona wale shore wanavyovuka, akasimama kimya muda, akauliza hao watoto wamebakiza siku ngapi waruke.

Miche ndio shida iliyobaki. Kuna mzee ana kitalu barabarani, nilimpitia mwezi wa pili, nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba kijana wangu, leo nikupe nini?" Nikasema mzee natafuta msada au mkenge. Akaniangalia, "Mti wa porini unaununua wa nini mwanangu? Haina mteja hiyo." Alafu akafikiri akaongeza, "Wewe leta mbegu, mimi naotesha." Nilimpelekea kokwa za masada 60 zimeoshwa na kuanikwa kivulini. Zilikaa mpaka nikakata tamaa, wiki nyingi viriba vitupu, alafu zikaanza kutoka moja moja. Wiki iliyopita nimepita ziko 31, urefu wa shibiri, ameziweka mstari wa mbele karibu na barabara pembeni ya miashoki yake, na bei ameweka ileile. Nimelipia minne ya Desemba, miwili nimemuahidi mama jirani kwa ajili ya ile kona ya nyuma ya tangi lake ambako pevingi haijafika.